Turudishieni Sakafu

Nairobi haichezi tena. Nairobi inakaa.

Ukitaka ushahidi, ingia klabu yoyote kubwa ya Westlands, Kilimani ama Thika Road Ijumaa saa sita usiku, halafu usimame katikati, kama utaipata hiyo katikati. Utaona sofa, meza, ndoo za barafu, na watu waliovaa wakapendeza wameketi wakiangalia simu. Mziki uko juu mpaka mbavu zinatetemeka. Wanaocheza utawahesabu kwa vidole, na hata hao wanacheza kuanzia kiunoni kwenda juu, mkono mmoja umeshika glasi, kwa sababu nafasi ya miguu haipo.

Mimi nataka hiyo nafasi ya miguu. Nitasema nani aliichukua, aliichukua vipi, na kwa nini sisi wa miaka ishirini na kitu tunafaa kuidai kwa sauti ileile tunayodaia vitu vingine katika mji huu.

Tuanze na hesabu, maana klabu ni hesabu. Mtu anayecheza ni mteja mbaya. Anatoka jasho, anataka maji, anaagiza bia mbili na kuisahau moja kwenye kaunta, halafu saa kumi anaenda nyumbani akiwa amefurahi na bado ana fare. Mtu aliyeketi hana kazi nyingine ila kunywa. Meza moja na sofa zake inakula nafasi ya watu kumi wa kucheza, lakini wale kumi hawawezi kuandikiwa bili moja ya elfu ishirini. Meza inaweza. Chupa ambayo wines ya mtaani inauza elfu mbili, hapo utaambiwa elfu sita, na ukivuka kamba ya VIP inapanda tena. Chupa ni ileile, pombe ni ileile. Kilichoongezeka ni kamba.

Basi mwenye klabu anafanya kile ambacho mfanyabiashara yeyote angefanya. Anapanga sofa mpaka karibu na mlango. Anaweka kima cha chini: hamuketi mpaka mkubali kutumia kiasi fulani. Anatafuta vijana wenye wafuasi wengi Instagram, anawapa asilimia ya kila meza watakayojaza. Anatangaza kwamba wasichana wanaingia bure kabla ya saa nne, na hapo usijidanganye ni ukarimu. Wasichana ndio bidhaa inayoonyeshwa wanaume wa meza. Mwisho anaweka jamaa wa maiki kando ya DJ, kazi yake kutaja majina ya walioagiza chupa.

Hapo kwa maiki ndipo mziki wenyewe unakufa. Chupa inatoka kaunta na fataki, wahudumu wanne wamebeba bango la taa, DJ anakata wimbo, jamaa anapiga nduru jina la bazu wa meza ya saba, simu zote zinainuka. Wimbo ukirudi ni mwingine. Kabla haujashika, kuna chupa ingine inakuja. Huwezi kucheza hivyo. Mwili unahitaji muda kuingia ndani ya wimbo. Watu wa rhumba walijua hili kitambo: mwimbaji anaanza polepole, watu wanashikana, zinapita dakika kadhaa, halafu magitaa yanafunguka kwa sebene na kila mtu anakumbuka kwamba ana magoti. Wimbo unaokatwa kila mara kwa sababu ya bili ya mtu haufiki huko kamwe.

Sasa kuna wasee watauliza, kwani iko nini? Si ni klabu tu? Kuna kodi ya nyumba, kuna madegree yanalala kwenye droo, na wewe unalilia densi.

Mimi degree sina. Niliachana na kampasi mwaka wa tatu karo ilipokataa, na siku hizi naandika kwa kulipwa makala moja moja, malipo yenyewe huja mwezi unaofuata, yakija. Kwa hivyo mambo ya kodi sihitaji kufunzwa. Na ni kwa sababu ya hiyo kodi ndiyo nalilia sakafu. Angalia huu mji. Tangu 2022 hata Mombasa Road ina ghorofa: mwenye pesa ya kulipia Expressway anapita juu, sisi wengine tumekaa kwa jam chini tukihesabu nguzo. Hospitali ina foleni ya bima na foleni ya wengine. Hata kupumua hewa safi Karura unalipa getini. Kila mahali unapoingia Nairobi, jambo la kwanza mtu anataka kujua ni wewe ni wa bei gani.

Sakafu ya densi ilikuwa mahali ambapo hilo swali halikuwa na maana. Ukishaingia, umeingia. Wakili na kondakta walikuwa na futi zilezile mbili za kusimama. Aliyeheshimika hapo ni anayejua kucheza, na kujua kucheza hakuuzwi kaunta. Katika mji ambao karibu kila cheo kinanunuliwa, hapo palikuwa na cheo ambacho kingeweza kwenda kwa yeyote. Kukiondoa si jambo dogo.

Wacha niwaambie kuhusu beshte yetu mmoja. Ni fundi wa simu pale Luthuli. Katika mbogi yetu yeye ndiye anatushinda wote kucheza, na hilo halina ubishi. Step yoyote mpya ikitoka mtaani ama kwenye TikTok, yeye ndiye ataileta, atatufundisha pale kwa parking ya ploti, na tukitoka usiku tutakuwa tunamfuata yeye kama kwaya. Miaka miwili mitatu hivi iliyopita, kutoka kwetu kukaanza kupangwa kwa meza. Kila birthday, ujumbe kwenye WhatsApp ni uleule: meza ni elfu kadhaa, gawanyeni, tumeni kwa hii namba. Mara ya kwanza akaandika atatucheki siku ingine. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu ilikuwa thao tatu na nusu kila mtu, na yeye akatoka kwenye grupu bila kugombana na yeyote. Nilimpigia simu. Akaniambia, "Buda, mimi siwezi lipa thao tatu unusu nikakae. Kukaa naweza kukaa kwangu bure."

Sijasikia mtu akiieleza hii biashara vizuri kuliko hivyo. Na ndiyo ninasema kilicho hatarini hapa ni kikubwa kuliko densi. Urafiki wa watu wa rika letu unajengwa usiku, kwa sababu mchana kila mtu anahangaika kivyake. Usiku ukiwa na kiingilio ambacho nusu ya mbogi haiwezi, mbogi inachujwa polepole, bila mtu kusema lolote, mpaka siku moja unaangalia mezani na kila aliyebaki ana kazi ya ofisi. Hakuna aliyekaa chini akaamua mafundi, wauza mitumba na waliokosa karo watoke. Bili iliamua.

Kuna hoja tatu ambazo huwa natupiwa nikisema haya, na si za kupuuza.

Ya kwanza: kujionyesha ni jadi yetu, watu wa huku walishindana kwa fahari hata kabla ya chupa za fataki. Ni kweli. Huko Lamu na Mombasa, tangu miaka ya 1890, kulikuwa na beni. Vyama vya ngoma vilijigawa mirengo, vikavaa sare, vikajipa vyeo vya kingi na jenerali, vikapiga tarumbeta na ngoma kubwa kuiga bendi za kijeshi za wakoloni, na vikatumia pesa kwelikweli ili kuwaaibisha wapinzani. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, askari na wapagazi wakaibeba beni hadi bara, Afrika Mashariki nzima. Hiyo ilikuwa fahari ya wazi. Lakini angalia ilikuwa fahari ya nini. Jenerali wa beni alikuwa ndani ya ngoma. Sare yake iliingia jasho. Hakukuwa na jenerali aliyelipia sofa, akaipa ngoma mgongo, halafu akataka jina lake litajwe. Kwa Kiswahili ngoma ni chombo, ni wimbo na ni kucheza kwenyewe, vyote kwa neno moja, na sisi leo tunasema DJ ameweka ngoma kali huku tumeketi. Lugha yenyewe inatushangaa.

Na si lazima twende hadi beni. Kuna mugithi, usiku wowote wa wikendi, kuanzia Roysambu hadi Ruiru. Mugithi kwa Gĩkũyũ ni treni. Mtu wa gitaa akianza, watu wanashikana mabega wanapanga laini na kuzunguka ukumbi mzima, mzee wa shamba nyuma ya mrembo wa benki, nyuma yake mtu wa nduthi, na treni ikipita karibu na wewe unadaka bega la mwisho. Haiulizi uko meza gani. Ndiyo, hata huko kuna meza na kuna nyama na kuna watu wa kujishaua. Tofauti ni kwamba meza zimewekwa ili treni ipite.

Hoja ya pili nimeipata kutoka kwa mabeshte zangu wasichana, na hii ndiyo nzito. Wanasema kwao meza ni usalama. Kwenye sakafu mkono wa mtu usiyemjua unakushika kiuno, ukigeuka kila mtu anaangalia kando. Kwenye meza una mahali pa kuweka mkoba, una watu wako wamekuzunguka, na kinywaji chako unakiona. Kila msichana anayetoka usiku Nairobi ameshaambiwa habari za mchele, kwamba kuna wanaotia dawa kwenye glasi ya mtu, na wanaume pia wameamka bila simu na bila akiba ya M-Pesa. Wana haki ya kuogopa. Lakini sikiliza tunachokubali hapo: kwamba kutoshikwashikwa ni huduma ya ziada, inauzwa pamoja na chupa. Baunsa wapo. Wamepangwa mlangoni kuangalia viatu vya watu, na kwenye kamba ya VIP kuangalia nani asivuke. Wawili tu wakisimama sakafuni, na mtu akishika asipopaswa atolewe nje mbele ya wote, wiki mbili hivi habari itaenea. Weka chumba cha mikoba kwa hamsini bob. Weka mtu kaunta anayefunika glasi. Hayo ni mambo madogo. Hayafanywi kwa sababu msichana akijisikia salama sakafuni, hatahitaji meza ya mwanaume yeyote, na biashara nzima imejengwa juu ya yeye kuihitaji.

Hoja ya tatu ni ya wenye klabu: wanalipa kodi, stima, leseni, DJ, na watu wa meza ndio wanawezesha sisi wa bia moja kuwepo. Sawa, tulipe. Tuwekeeni kiingilio cha haki getini, mia tano, mia saba, na mtupe sakafu. Wazazi wetu walilipa getini. Waulizeni kuhusu Florida 2000 pale Moi Avenue, ama Starlight ambako miaka ya 1980 Samba Mapangala na Orchestra Virunga walikuwa wakipiga. Hizo klabu hazikuwa peponi na sitaki kuzipaka asali. Lakini kilichouzwa getini kilikuwa mziki na mahali pa kuuchezea. Mji huu uliwalea Les Wanyika, Super Mazembe na Les Mangelepa, bendi za watu waliotoka Tanzania na Congo wakafanya Nairobi iwe kwao, na bendi kama hizo haziishi kwa watu waliokaa. Bendi inasoma miguu. Inarefusha sebene ikiona bado mna nguvu. Mkiketi, inasoma nini?

Live events nazo zimeambukizwa. Nenda tamasha kubwa uone ramani ya uwanja. Mbele kabisa ya jukwaa kuna meza za VVIP, nyuma yake uzio, halafu VIP, uzio mwingine, halafu sisi tuliolipa kwa shida tunaangalia skrini ambayo tungeiangalia nyumbani. Msanii anaimbia watu wanaomiminiana vinywaji wakiwa wamempa mabega, na wanaojua mistari yote wako mbali, sauti zao hazimfikii. Bango lilisema saa nane mchana. Msanii mkuu anapanda saa tisa usiku, kwa sababu kila saa anayochelewa ni saa ya kuuza pombe. Yule kijana wa hapa hapa aliyefungua tamasha aliimbia nyasi na mafundi wa spika saa kumi jioni, na akaambiwa malipo yake ni kujulikana. Kujulikana hakulipi fare ya kurudi Kayole.

Na si kwamba hakuna njia ingine. Muthoni Drummer Queen alipoanzisha Blankets & Wine mwaka 2008, wazo lilikuwa kwenye jina: leteni blanketi mkae kwenye nyasi, bendi ipige. Na kama unafikiri vijana wa siku hizi hawajui tena kukusanyika bila chupa, kumbuka 2024. Juni mwaka huo "Anguka Nayo" ya Wadagliz iliimbwa barabarani katikati ya teargas. Halafu tarehe 7 Julai, Saba Saba, watu wakajaa Uhuru Park kwa tamasha la kuwakumbuka waliouawa kwenye maandamano. Hakuna aliyehitaji chupa ya elfu sita ndiyo ahesabiwe kuwa yuko. Hicho kizazi ndicho hichohicho kinachoketi Ijumaa kikiangalia fataki za meza ya saba. Tunacheza mbele ya polisi na tunashindwa kucheza mbele ya DJ.

Halafu usiku wenyewe, hapa Nairobi, haukuwahi kuwa wa bure. Wakoloni walimtaka Mwafrika awe na karatasi ndiyo atembee mjini baada ya giza, na hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 ikawa mbaya zaidi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 kukawa na kafyu. Sisi tumeonja yetu: kuanzia Machi 27, 2020 hadi Oktoba 20, 2021, karibu mwaka mmoja na miezi saba, tulikuwa tunakimbilia nyumbani kama kuku. Na kila serikali inapozungumza kuhusu usiku, inazungumzia saa za pombe na kelele. Mwisho wa 2022 kaunti ilitangaza kufuta leseni za klabu zilizo katika mitaa ya makazi, na mjadala mzima ukawa kati ya wenye nyumba na wenye baa. Wanaocheza hawakuulizwa, kana kwamba hakuna mtu anayetoka usiku kwa sababu nyingine ila kulewa. Tumetoka kwenye usiku uliofungwa na polisi, tukaingia kwenye usiku uliofungwa na kamba ya kitambaa. Wa kwanza tulilalamika. Huu wa pili tunaupiga picha.

Kwa hivyo madai ni haya. Wenye klabu: katikati ya ukumbi pasiwe na sofa. Wimbo uchezwe, na jamaa wa maiki anyamaze mpaka uishe. Maji ya kunywa yawe bure kwa anayetoka jasho. Baunsa wawe sakafuni. Waandaaji wa matamasha: andikeni saa ya kweli kwenye bango, na wale wa meza wawekeni pembeni, wanaweza kumiminiana hata huko.

Na sisi, kwa sababu mwenye klabu hatabadilika kwa kusoma makala. Kabla ya kutuma pesa ya meza, uliza kwenye grupu: kuna mahali pa kucheza? Kama hakuna, msiende. Pesa ya meza moja ya watu wanane inaweza kukodi spika nzuri na kumlipa DJ wa mtaa usiku mzima. Social hall za Eastlands bado zipo, Kaloleni ipo, Pumwani ipo, zina sakafu pana kuliko klabu yoyote ya Westlands. Kuna ukumbi wa ohangla, kuna rhumba ya Jumapili, kuna mugithi. Kuna keja ya mtu yeyote ambaye majirani wake ni waelewa. Mkienda kwa wiki sita mfululizo mahali penye sakafu, mwenye sofa ataona viti vyake vimebaki vitupu, na hesabu aliyoifanya mwanzo ataifanya tena. Yeye si adui wa densi. Yeye anafuata pesa, basi na tuipeleke kunakochezwa.

Meza moja ikitolewa, watu kumi wanapata pa kucheza. Waanze na ile iliyo mbele ya spika.